Haki ya Kisiki

Katika kila soko la Mbagala na Tandale limo gunia la mkaa, na katika kila gunia umo msitu ambao mnunuzi hakuuona. Watu wa Temeke na Kinondoni hupikia miti iliyokua mbali nao, ikakatwa na mikono wasiyoijua. Kwa hiyo namna ya kuvuna msitu si shauri la bwana miti peke yake. Ni shauri la haki: mtu ana ruhusa gani juu ya kitu kilichohitaji miaka mingi kukua, na ambacho yeye aweza kukimaliza kwa siku moja?

Moyo wa huruma hujibu upesi kuwa ni afadhali kukata mti mmoja hapa na mmoja pale kuliko kufyeka mahali pote. Jibu hili lina sura njema, lakini sura na tabia ni mambo mawili. Mkataji aliyeachiwa kuchagua huchagua ulio bora. Akirudi huchagua ulio bora katika uliosalia. Na hapana siku ambayo dhamiri yake humwambia kuwa ameharibu msitu. Uchunguzi uliofanywa katika misitu inayouzunguka mji wa Dar es Salaam ulionyesha kuwa baina ya mwaka 1991 na 2005 uvunaji uliomaliza mbao za thamani ulisogea kilomita 120 zaidi kutoka mjini, na ukataji wa mkaa ukaufuata nyuma kwa kilomita 30. Tumefunzwa kuwa haba na haba hujaza kibaba. Haba na haba humaliza ghala vilevile.

Iko njia nyingine, ambayo kwa mtazamo wa kwanza hutisha. Ni kuvuna eneo zima kwa pamoja, ili miti michanga ikue pamoja kama vijana wa rika moja. Njia hii ina matawi yake. Katika shamba la Sao Hill, huko Mufindi, misonobari hufyekwa na miche ikapandwa mahali pake. Penye miti izaayo kwa mbegu zinazopeperuka, huachwa miti mama michache ili iijaze nchi tena. Penye miche isiyostahimili jua kali, wazee hukatwa kwa awamu, na waliobaki huwa kivuli cha watoto mpaka wapate nguvu. Na penye miti ichipuayo, kisiki huachwa ardhini, nacho huanza maisha mapya juu ya mizizi ya zamani.

Tawi hili la mwisho lilijaribiwa wilayani Kilosa. Kuanzia mwaka 2012 vijiji vyenye misitu yao vilifundishwa kuigawa sehemu ya mkaa katika miraba ya mita 50 kwa 50, mfano wa ubao wa drafti: mraba mmoja huvunwa, jirani yake huachwa. Mraba uliovunwa hupumzishwa miaka 24, na miyombo huchipua kutoka katika visiki na mizizi. Ajabu ni kuwa shoka lililokata kila mti wa mkaa katika mraba mmoja laweza kuwa na adabu kuliko lile lililopita likichagua.

Lakini msomaji asidhani kuwa nasifu ufyekaji. Haki haigawiwi kwa kipimo kimoja kwa viumbe wenye tabia mbalimbali. Katika ufuko wa Kunduchi na Mbweni, mchu ukikatwa huchipua; mkoko ukikatwa chini hufa, na tumaini lake limo katika miche inayoning'inia juu ya mama kabla ya kuanguka topeni. Anayevitendea viwili hivi sawasawa hukiua kimoja kwa jina la usawa. Na msitu wa asili wa Pugu, ambao baadhi ya viumbe vyake ni adimu duniani, hauwezi kurudishwa kwa safu za miche.

Kwa hiyo wema wa uvunaji haukai katika shoka, wala katika wingi wa miti iliyosimama jioni ile. Hukaa katika miaka inayofuata. Kisiki kina haki ya kungojewa: kisichomwe moto, kisilishiwe mbuzi, kisigeuzwe shamba la mahindi kabla ya zamu yake. Tumezoea kusema, kata mti, panda mti. Lakini kupanda ni kazi ya asubuhi moja, na kulea ni kazi ya umri.

Hapa hutokea swali gumu. Nani amwambie mchoma mkaa mwenye watoto wenye njaa angoje miaka 24? Kumwambia hivyo na kumwachia mzigo wote ni dhuluma iliyovaa joho la hekima. Anayekula chakula kilichopikwa kwa mkaa huo ana fungu lake katika kungoja. Bei inayolipa shoka, tanuri na lori, isilipe ulinzi wa machipukizi, ni deni ambalo mjini huitwa nafuu, nalo atalilipa mtoto asiyekuwapo sokoni.

Waliotutangulia hawakutuuliza kabla ya kukata, wala sisi hatuwezi kuwauliza watakaokuja. Kwa kuwa hawawezi kutujibu, imetupasa kuwatendea kama tulivyoahidi, hata pasipo shahidi.