Nyeupe ya Maua ya Kahawa

Mwezi wa tisa mwaka juzi nilihamia nyumba ya kupanga hapa Kayanga. Ina vyumba viwili na sebule, na kuta zake zilikuwa na rangi ambayo fundi aliiita krimu, mimi niliiona kama uji uliopoa. Mwenye nyumba aliniruhusu kupaka upya kwa gharama zangu. Nilikuwa na mshahara wa ualimu, deni la pikipiki, na simu iliyojaa picha za sebule za watu nisiowajua.

Picha hizo zina kalenda yake. Mwezi wa kumi huja na maboga, blanketi za rangi ya kutu na majani makavu kwenye vyungu. Mwezi wa kumi na mbili huja na theluji. Huku kwetu mwezi wa kumi mvua za vuli zimeshashika na kila kitu kinarudi kijani. Lakini nisijifanye mjanja. Nyumbani kila Krismasi tulikata tawi la msaiprasi, tukalibandika pamba, tukaliweka pembeni mwa redio. Pamba ile ilikuwa theluji. Hakuna kati yetu aliyewahi kuiona theluji, na hakuna aliyeuliza kwa nini sikukuu yetu ivae hali ya hewa ya watu wengine.

Basi safari hii niliamua kuuliza. Nilichukua daftari nikaandika rangi za misimu yetu, kama ninavyozijua tangu utotoni upande wa Nkwenda, Kyerwa, wakati huo ikiwa bado sehemu ya Wilaya ya Karagwe kabla haijawa wilaya yake mwaka 2012.

Niliandika kiangazi kwanza, mwezi wa sita hadi wa nane. Vumbi jekundu linapanda hadi kwenye mabati, migomba ya kando ya barabara inakuwa kama imenyunyiziwa kakao. Kahawa imeanikwa uani: siku ya kwanza nyekundu, baada ya siku chache kahawia, mwisho nyeusi, inalia kama changarawe ukiigeuza kwa mguu. Kisha mvua za kwanza zinagusa mibuni, na asubuhi moja unaamka shamba zima ni jeupe. Maua hayo hayakai. Siku chache tu yanasinyaa. Lakini kwa siku hizo harufu yake inaingia hadi chumbani, tamu, kama ya asumini. Halafu mwezi wa kumi na moja senene, wa kijani na wa kahawia, wanaanguka kwenye taa usiku na watoto wanakimbizana nao kwa ndoo. Na migomba, mwaka mzima, nyuma ya kila kitu.

Nikachora sebule yangu. Kuta nyeupe, ile nyeupe ya maua ya kahawa. Chini kabisa ukanda mwekundu wa udongo wetu. Mto mmoja wa kochi wa kijani cha senene. Mkeka wa mafunjo. Na ukuta mmoja, ule unaotazama mlango, nitausiriba kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe kama nyumba ya bibi. Niliipenda sana michoro hiyo. Jumamosi nikapanda gari hadi Omurushaka, nikaunganisha hadi Nkwenda, nikampelekea Mama.

Mama aliiangalia kwa muda mrefu, daftari ameliweka mbali na macho kwa sababu miwani hakuwa nayo. Akaweka kidole kwenye ukuta mweupe.

"Hii ndiyo ya maua?"

"Ndiyo, Mama. Ya kahawa."

"Unajua mwaka gani maua yalikuwa mengi kuliko yote? Mwaka uliochaguliwa kwenda sekondari."

Nilijua nilichaguliwa mwaka 2004. Jambo lingine sikulijua, nikaambiwa siku ile, mtu mzima, nimekaa kwenye kigoda na daftari la mapambo mkononi. Ada ya bweni, godoro, sanduku na sare vilitakiwa mwezi wa kwanza. Kahawa huvunwa katikati ya mwaka. Baba aliuza maua.

Msomaji wa Kagera anaelewa. Kwa msomaji wa kwingine: huku kuna kitu kinaitwa butura. Mkulima mwenye shida anauza kahawa ingali maua au punje mbichi mtini, kwa mtu mwenye fedha mkononi. Bei ni ile atakayotaja mwenye fedha. Zikiiva, zinavunwa na kupelekwa kwake. Serikali imeipiga marufuku, viongozi wanaikemea kila msimu, na bado ipo, kwa sababu ugonjwa, msiba na ada havisubiri kahawa iive. Bei aliyopata Baba, anasema Mama, haikufika nusu ya waliyopata majirani mwezi wa saba. Msimu ule tulichuma kahawa yetu wenyewe kama vibarua. Nakumbuka nikiwa likizo niliimba huku nachuma.

"Kwa hiyo mimi nikiyaona yale maua," Mama akasema, "naona deni."

Kisha akageuza ukurasa, akaona ukuta wa kusiriba, akacheka hadi akafuta machozi.

"Wewe? Kinyesi cha ng'ombe? Sebuleni? Na mimi nakusubiri uniletee marumaru!"

Nilijitetea kwa vitu nilivyosoma. Nilimweleza kwamba ng'ambo ya Mto Kagera, upande wa Kirehe, Rwanda, kuna sanaa inaitwa imigongo. Kinyesi cha ng'ombe kinachanganywa na majivu, kinapandishwa ukutani kuwa matuta yenye pembe na mizunguko, kikikauka kinapakwa rangi. Masimulizi yanasema aliyeianzisha ni Kakira, mwana wa Kimenyi, mfalme wa Gisaka, aliyetaka kupamba nyumba yake. Nyeupe ilitokana na udongo mweupe, nyekundu na udongo mwekundu, nyeusi na majivu ya maganda ya ndizi na utomvu wa mshubiri. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 wanawake wa huko waliifufua, na leo inanunuliwa na watalii. Nikaongeza na za hapa hapa: Stanley alipofika kwa Rumanyika, mfalme wa Karagwe, mwaka 1876, alioneshwa nyumba ya hazina yenye sanamu za ndege na wanyama za shaba. Watu wa huku hawakungoja simu ili wapende kupamba.

Mama alisikiliza vizuri, kama anavyomsikiliza katekista. Halafu akaniuliza swali moja: "Nyumba ya bibi yako, maji ya kusiriba nani alikuwa akiyateka?"

Nilikumbuka. Walikuwa dada zangu. Kusiriba sakafu kulihitaji maji mengi, na mto uko bondeni. Walipanda mlima na ndoo kichwani, wakapiga magoti, wakakandika kwa mikono, na kabla ya sikukuu walirudia upya. Mimi nilikuwa nasoma kwa sababu ndiye niliyetarajiwa kufaulu. Kumbukumbu yangu ya sakafu ile ni harufu yake ikikauka na nyasi mbichi zilizotandikwa juu yake. Ya dada yangu mkubwa, nilipompigia simu jioni ile, ilikuwa magoti. Na funza kwenye vidole vya watoto.

Nilirudi Kayanga daftari likiwa limefungwa. Kwa wiki kadhaa sikupaka chochote.

Swali lililokuwa limenishika ni hili: je, mtu anaweza kuchukua rangi akaacha maisha yaliyoizaa? Nyeupe ile kwangu ni asubuhi nzuri. Kwa aliyenizaa ni mwaka wa kuuza kilichokuwa hakijawa. Nikiipaka ukutani, ninampamba nani?

Jibu la haraka ni kwamba mapambo ni anasa, na mwalimu mwenye deni la pikipiki angeacha upuuzi. Silikubali. Bibi alisiriba sakafu hata mwaka ambao tulikula mlo mmoja. Mama ana kochi lililochakaa, lakini vitambaa vyake vya kufuma hufuliwa, huanuliwa na hunyooshwa kila Jumamosi. Maskini hupamba, na hapambi kwa kusahau umaskini wake. Anapamba kwa sababu nyumba ndiyo mahali pekee ambapo amri ni yake. Shambani bei inapangwa na mwingine. Sebuleni, kitambaa kikae wapi anapanga yeye.

Jibu la pili ni kwamba rangi haina mwenyewe. Jua linamwaka kila mtu, udongo mwekundu upo Karagwe na upo Brazil, acha nipake. Hili ni kweli nusu. Rangi yenyewe haina hatimiliki, lakini mimi sikuwa nachukua rangi tu. Nilitaka wageni waingie waseme, "Ah, asili!" Nilitaka sifa ya nyumba ya bibi bila ndoo ya bibi. Ukuta uliosiribwa kwenye nyumba yenye bomba na umeme ni uchaguzi. Kwenye nyumba isiyo navyo si uchaguzi, ni hali. Ukivipiga picha vinafanana, lakini ukiviita kwa jina moja unamdanganya mtu, na aghalabu ni mtu aliyekuchotea maji.

Kuna mwandishi wa Kijapani, Junichiro Tanizaki, aliyechapisha mwaka 1933 insha maarufu ya kusifu kivuli na mwanga hafifu wa nyumba za jadi, akilalamikia taa za umeme na vigae vyeupe vinavyong'aa. Inasimuliwa kwamba alipotaka kujenga nyumba yake, mchoraji majengo alimwambia ameisoma insha ile na anajua hasa anachokitaka. Tanizaki akamjibu kwamba hapana, yeye hawezi kuishi katika nyumba ya namna hiyo. Niliposoma kisa hicho nilicheka, kisha nikaona aibu, maana daftari langu lilikuwa juu ya meza.

Jibu la tatu ni kinyume cha la pili: kwamba uzuri ni wa waliouteseka, sisi wengine tukae mbali. Hili ndilo lililonishika muda mrefu zaidi, kwa sababu linafanana na unyenyekevu. Lakini nalo halisimami. Kama ni hivyo, mimi sina haki ya kuyapenda maua yaliyonisomesha, ilhali yalinisomesha ili niwe na maisha mengine. Baba hakuuza msimu mzima ili mwanawe aogope rangi nyeupe.

Baba ni marehemu, sikuweza kumuuliza. Nilimuuliza Mama, kwa simu. Nilimwambia: kama nyeupe inakuumiza, nitapaka nyingine. Alikaa kimya kidogo.

"Paka," akasema. "Maua hayakufanya kosa. Hata mwaka ule baba yako alikuwa anatoka alfajiri, anasimama shambani anayanusa. Nilimwambia, unanusa mali ya watu. Akasema, harufu sikuuza."

Nadhani hapo ndipo nilipopata njia. Rangi unaweza kuichukua, lakini kwanza umuulize anayejua iligharimu nini, na umsikilize hata jibu likiharibu mchoro wako. Kisha ubebe sehemu ya gharama.

Kwa hiyo bajeti yangu niliigawa mara mbili. Nusu ilinunua marumaru ya sebule ya Mama. Nilitaka za rangi ya udongo, zisizong'aa. Yeye alichagua nyeupe zinazong'aa zenye maua ya bluu kwenye kona, na mapazia ya pinki. Duniani hakuna ua la bluu la namna ile. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Sasa anapiga deki kwa fimbo na kitambaa, amesimama wima, na akimaliza anakaa mlangoni anaiangalia sakafu inavyokauka. Sijawahi kuona mtu akifurahia sakafu hivyo. Kama kuna kosa la ladha pale, ni kosa alilolifanyia kazi miaka arobaini.

Nusu nyingine ilinunua rangi ya maji, nyeupe, na ukanda mwekundu wa chini ambao Kayanga una faida yake kabisa, kwa sababu vumbi la kiangazi halionekani. Ukuta wa kusiriba nilifuta kwenye mchoro wa sebule. Badala yake nilimwomba Mama anifundishe, kwenye jiko lake la nje, ambalo kuta zake ni za udongo na zilikuwa zinahitaji kazi. Nilichota maji mwenyewe. Siku hizi bomba lipo jirani, si bondeni, lakini safari ya tisa mgongo hautofautishi. Mama alikaa kwenye kigoda akinisahihisha: kinyesi kibichi mno, majivu machache, mkono uende hivi, usipapase, paka. Dada yangu alipita, akaniona nimepiga magoti, akapiga picha akaituma kwenye kundi la familia. Ni picha pekee ya mapambo yangu iliyowahi kusambaa.

Ukuta wenyewe ulitoka na mawimbi. Mvua za mwezi wa nne ziliupasua upande wa chini. Mama anasema hiyo ni kawaida, unarudia kabla ya sikukuu. Nimeshaandika tarehe. Nitakwenda katikati ya mwezi wa kumi na mbili, shule zikiwa zimefungwa, na safari hii nimemwambia mdogo wangu wa kiume naye aje na ndoo yake.