Amri Njema na Haki ya Shauri

Wako wasemao: Amri ikiwa njema, hapana haja ya kumshauri mwenye kuamriwa. Jawabu yao i katika milima ya Uluguru.

Katika miaka ya 1950 serikali ya Kiingereza iliwalazimisha Waluguru kukata matuta ya ngazi, ili mvua isichukue udongo. Nia haikuwa mbaya, kwani mto Ruvu hutoka huko, na maji yake hunywewa Dar es Salaam. Lakini wenye mashamba hawakushauriwa. Na udongo wa huko ni mwembamba, ulipokatwa, ule wenye rutuba ukafukiwa. Julai 1955 ikazuka ghasia Matombo, akafa mtu, na matuta yakaachwa.

Je, kila mtu afanye apendavyo katika shamba lake? La, kwani achomaye msitu juu humdhuru anywaye chini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeshika njia ya kati: halmashauri ya kijiji hupanga, na mkutano wa kijiji hukubali au hukataa. Basi ahudhuriaye na aseme kweli. Na aliye pwani, anywaye maji yale, asimlaumu mkulima wa mlimani kabla ya kumsikiliza. Wallahu aalam.