Nani Aseme Uzito wa Maumivu ya Mtoto?



Fedha za matibabu hazitoshi mahali popote, kwa hiyo wanaopanga mambo ya afya hutafuta namna ya kulinganisha tiba na tiba. Kipimo kimoja cha watoto kinaitwa EQ-5D-Y. Kinauliza mambo matano: kutembea, kujihudumia, shughuli za kila siku, maumivu, na huzuni au wasiwasi. Majibu hugeuzwa kuwa namba: 1 ni afya kamili, 0 ni sawa na kufa.

Namba hizo zinatoka kwa nani? Kwa utaratibu uliochapishwa mwaka 2020, wanaoulizwa ni watu wazima wa kawaida. Wanaambiwa wamfikirie mtoto wa miaka 10, waseme hali ipi ni afadhali, na kama wangekubali apungukiwe miaka ya kuishi ili akae bila ugonjwa. Mara nyingi watafiti wameona kwamba tunasita kumpunguzia mtoto miaka kuliko kujipunguzia sisi wenyewe. Ni mzazi gani asiyeelewa hilo? Lakini tuangalie matokeo yake. Tukikataa kupunguza hata mwaka mmoja, maumivu yake yanahesabiwa kuwa madogo, na dawa ya kuyatuliza inaonekana haina faida kubwa. Upendo wetu unakuwa umemziba mtoto mdomo.

Iko hatari nyingine upande wa pili. Jimbo la Oregon lilipanga orodha ya matibabu ya kuwalipia maskini, likitumia pia maoni ya wananchi waliopigiwa simu. Mwaka 1992 serikali kuu iliikataa, kwa sababu mpango huo ulihesabu maisha ya mlemavu kuwa na thamani ndogo kuliko ya wengine.

Hatusemi kupima ni dhambi. Bila kipimo, mwenye sauti kubwa ndiye anayepata. Tunasema mizani ipime maumivu, isimpime mtoto. Thamani yake ilikwisha kutolewa na Muumba kabla hatujaulizwa. Yesu alipomweka mtoto katikati ya wanafunzi, hakuuliza kwanza kama anatembea vizuri.

Na sisi tuanzie nyumbani. Kati yetu wako watoto wenye sikoseli. Daktari anapomuuliza mtoto maumivu yamefika ngapi, kutoka 0 hadi 10, mara nyingi mzazi ndiye anayejibu: "Huyu ni mvumilivu." Tumwache aseme mwenyewe. Tena tuombe mkalimani. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kumtoa bila malipo, ili mtoto asibebeshwe kazi ya kututafsiria ugonjwa wake mwenyewe.

Mungu atupe masikio ya kuwasikia watoto wetu. Amina.