Kufuli Ndani ya Sanduku

Yako maswali yanayomjia mtu kitandani usiku, na yako yanayomjia dukani akiwa na pesa mkononi. Langu lilinijia dukani, kwa fundi mmoja wa kompyuta, mtaa wa Mfaranyaki, hapa Songea.

Mimi nilimaliza kidato cha nne, nikaishia hapo. Naandika riwaya. Madaftari manne yamejaa, lakini nani siku hizi atapokea daftari? Mama akauza magunia sita ya mahindi, akanipa laki nne. "Katafute hiyo mashine yako, mwanangu," alisema. "Ila ukumbuke mbolea ya kupandia bado."

Fundi akaniwekea mbili mezani, zote mtumba. Ya kwanza ilikuwa na prosesa ya Intel i5-2500, ya pili i5-2500K, zote za mwaka 2011. Viini vinne hapa, vinne pale. Kasi ya kuanzia gigahezi 3.3 hapa, 3.3 pale. Ya kwanza laki mbili na themanini, ya pili laki nne kamili.

"Sasa kaka, hiyo laki na ishirini nailipia herufi moja?"

"Unalipia ufunguo, dogo," akacheka. "Hii bila K kiwanda kimeifunga, kasi huipandishi zaidi ya waliyopanga wao. Yenye K iko wazi. Ukiwa na mazabodi inayokubali na feni ya maana, unaipandisha mwenyewe."

Nilirudi nyumbani bila kununua. Nilikuwa na hasira. Mtu anaweza kukuuzia kitu chenye nguvu, halafu akaifunga hiyo nguvu ndani, na bado ukamwita mwaminifu?

Tuwe wa haki. Miaka ya 1990 walikuwepo wafanyabiashara waliofuta maandishi juu ya prosesa ya kasi ndogo, wakaandika kasi kubwa na kuiuza kwa bei ya juu. Kufuli lilisaidia kuwazuia. Tena prosesa hazitoki kiwandani zikiwa sawa. Hupimwa na kupangwa madaraja, kama kahawa ya Mbinga. Iliyoshindwa kasi ya juu huuzwa kwa kasi ya chini, na hapo sioni dhuluma.

Lakini vipi ile iliyoweza, ikafungwa kwa sababu ya soko tu? Mwaka 2010 Intel waliuza kadi ya dola 50 kwa watu waliokwisha kununua kompyuta zenye prosesa ya Pentium G6951. Ukiingiza namba ya kadi, uwezo uliokuwa umelala ndani unaamka. Watu walilalamika sana, na mwaka uliofuata mpango ukaachwa. Ni kama kupangisha nyumba, kisha mwenye nyumba akuuzie ufunguo wa chumba ambacho umekuwa ukikifagilia mlango kila siku. Wenzao AMD, walipotoa Ryzen mwaka 2017, waliziacha wazi. Kwa hiyo kufuli si amri ya Mungu, ni uamuzi wa watu.

Nikamweleza mama, kwa maneno ya shambani. Alisikiliza huku akipepeta, akauliza: "Na huyo anayeipandisha kupita kipimo, si anapiga lumbesa?"

Nilinyamaza. Sisi wa Ruvuma tunaijua lumbesa. Gunia linajazwa hadi mdomoni, halafu linashonewa kilemba juu, na mkulima analipwa kama gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza, lakini mkulima mwenye shida ya pesa atabishana na nani? Prosesa iliyopandishwa kasi nayo inakula umeme zaidi, inachemka, na ukizidisha umri wake unapungua. Basi nguvu yote iliyomo ndani ya kitu si lazima ikamuliwe. Mama anajua, maana yeye mwenyewe amekamuliwa.

Msimamo wangu ukawa huu. Kufuli nililoonyeshwa kabla sijalipa ni mapatano, hata kama silipendi. Kufuli nililofichwa ni wizi. Na anayekuuzia kitu leo, kesho akuuzie tena kilekile, huyo anapiga lumbesa kwa kinyume.

Nilinunua iliyofungwa. Herufi za riwaya hazihitaji gigahezi tano. Laki na ishirini nikamrudishia mama, ikawa mbolea.

Ila kuna jambo halijaniachia. Mimi pia nilipimwa, nikapangwa daraja kwa mtihani wa siku chache, na mlango wa kidato cha tano ukafungwa. Je, nilishindwa kweli, au nafasi zilikuwa chache tu, nikafungwa kwa sababu ya soko? Prosesa yangu haiwezi kujiuliza hivyo. Mimi naweza, na ndiyo maana kila usiku, umeme ukiwepo, naketi mbele yake naandika. Wewe msomaji, ungechukua ipi?