Nguvu Isiyofika Mkononi

Ukikaza skrubu kwa bisibisi ya kawaida, mwili wako unajua unachofanya. Kiganja kinawaka moto, kiwiko kinalalamika, na mbao ngumu inakuambia mapema kwamba hapa hupiti. Ukishika impakti, ile mashine ya betri ya kukaza skrubu ambayo siku hizi unaikuta karibu kila mjengo Nairobi, habari hiyo haikufikii. Unabonyeza tu, skrubu inazama. Sasa mimi nauliza: nguvu ambayo siihisi, bado ni yangu?

Wengi huichanganya na drili, lakini ndani ni vitu viwili tofauti. Skrubu ikiwa nyepesi, mota ya impakti inaizungusha tu. Ikianza kuwa ngumu, nyundo ndogo iliyo ndani inarudi nyuma kwenye springi, kisha inagonga fuawe, na kila pigo linaisogeza skrubu kidogo. Mashine nyingi hupiga zaidi ya mara 3,000 kwa dakika. Kwa kuwa kila pigo ni fupi mno, halikurudii mkononi. Drili ikikwama inaweza kukutegua mkono. Impakti haikupindi hivyo, na ndiyo maana mafundi wanaipenda.

Tangu niache chuo, miezi ambayo makala hazilipi huwa naenda mjengo na binamu yangu anayefunga makabati ya jikoni. Yeye anakaza, mimi nashika bodi. Na ukiwa mshikaji, mashine ile ile ni kitu kingine kabisa. Kelele inakuingia sikioni. Vumbi linakuja machoni. Skrubu ndefu kupita kiasi inatokea upande wako, pale vidole vyako vilipo. Siku moja biti ya bei ya chini ilipasuka, kipande kikapita karibu na jicho langu, kikagonga ukuta.

"Buda, uko fiti?"

"Niko fiti."

Mkononi mwake hakuhisi kitu. Kama nisingeruka, asingejua.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nguvu ya impakti haipotei. Inahama. Isipomfikia anayebonyeza, inamfikia anayeshika, au anayepanda ngazi kesho, au mpangaji ambaye bawaba ya kabati lake itang'oka kwa sababu skrubu ilizungushwa hadi ikala tundu lote. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Impakti inakuwezesha kutandika vitanda vya watu siku nzima bila kulalia hata kimoja.

Mwaka 1927, mwanafalsafa Mjerumani Martin Heidegger alichapisha kitabu, Sein und Zeit, na ndani yake kuna mfano wa nyundo. Hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba kifaa kikifanya kazi vizuri hatukioni tena, tunaona kazi tu. Kinaonekana kikiharibika. Naikubali, ila mjengo umenifundisha kuongeza jambo moja: kifaa kinapotoweka machoni, mara nyingi kinatoweka pamoja na mtu aliyesimama upande wa pili wa bodi.

Kwa hivyo siku hizi nazisoma zile kanuni za usalama tofauti. Kutoa betri kabla ya kubadilisha biti ni kukubali kwamba kidole kinaweza kuteleza, na kwamba vidole vilivyo mbele ya biti huenda si vyako. Kununua biti zilizotengenezwa kwa impakti, zinazohimili mapigo, ni kujali jicho la mwenzako. Kuanza polepole, kisha kuachilia kichwa cha skrubu kinapogusa mbao, ni kumheshimu mwenye nyumba. Hata betri ina maadili yake. Ya volti 18 ina seli 5 za volti 3.6 zilizounganishwa kwa mfululizo. Ukiichaji ikiwa bado moto, ukiiacha juani, ukiitupa kwenye mfuko wenye skrubu zinazoweza kugusanisha ncha zake, moto utakaowaka hautauliza betri ni ya nani. Na ile iliyovimba haifai kuuziwa mtu.

Najua mtu atasema: maadili ni ya wenye pesa. Miwani inauzwa, vizuia-sauti vinauzwa, na mteja anataka jikoni liishe leo. Ni kweli. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, na kanuni za kelele za 2005 zinaweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa 8. Impakti ikigonga ndani ya jikoni dogo huvuka 90 bila shida. Lakini kwenye kibarua cha siku mbili, mwajiri ni nani? Mteja anamwonyesha kontrakta, kontrakta anamwonyesha fundi, fundi ananiangalia mimi. Kila mmoja ana wa kumrushia.

Jibu langu ni kwamba wajibu unaanzia kwenye kidole kilicho juu ya kitufe, maana hapo ndipo uamuzi ulipo, sekunde kwa sekunde. Hilo halimwachilii kontrakta wala mteja, na madai yetu kwao yabaki palepale. Lakini sheria hufika mjengo ikiwa imechelewa, kidole kiko pale tayari. Kama kuna miwani moja tu kwa watu wawili, basi ianze na anayeshika. Anayebonyeza anaweza kusimamisha mashine wakati wowote. Anayeshika hana kitufe.

Tutapewa vifaa vingi zaidi vya aina hii, vinavyofanya kazi nzito ionekane nyepesi. Kila kinapofika mkononi, kabla ya kuuliza kina kasi gani, tazama kwanza nani ameshika upande wa pili.