Maji ya Kisima cha Bethlehemu

Somo: 2 Samweli 23:13-17, 39



Daudi alikuwa kwenye pango la Adulamu, kiu imemshika, akasema tu vile mtu husema: nani angenipa maji ya kile kisima cha nyumbani? Hakutoa amri. Lakini mashujaa watatu walimsikia, wakapenya katikati ya jeshi la Wafilisti, wakachota, wakarudi. Daudi akakataa kunywa. Akayamwaga mbele za Bwana, maana kwake hayo hayakuwa maji tena. Yalikuwa damu ya watu.

Chuoni nilisomea biashara, na huko tulifunzwa kutenganisha bei na gharama. Bei ni ile unalipa wewe. Gharama ni yote yaliyotumika mpaka kitu kikufikie. Wengi wetu hapa Umoja, Kayole na Donholm tumepanda treni ya SGR kwenda Mombasa. Ikifika Tsavo watoto wanakimbilia dirisha: ndovu! Wamejipaka ule udongo mwekundu, na simu zote zinatoka mfukoni. Tumelipa tikiti. Hiyo ndiyo bei.

Tarehe 30 Aprili 2016 Rais Uhuru Kenyatta alichoma tani 105 za pembe za ndovu katika Mbuga ya Nairobi, hapa hapa kwetu. Mzee Moi alikuwa amechoma tani 12 mwaka wa 1989. Pembe zilipimwa kwa mizani, dunia ikatangaziwa. Sasa wale askari wa KWS waliopigwa risasi wakizilinda, wamepimwa na nani? Kwa majirani wetu Kongo, tarehe 24 Aprili 2020, walinzi 12 wa mbuga ya Virunga waliuawa siku moja. Kila 31 Julai dunia huwakumbuka walinzi wa wanyama. Sijawahi kusikia siku hiyo ikitajwa kwenye madhabahu yetu, na madhabahuni husimama mimi pia.

(Na yule jangili ana mama. Kijana anayeingia msituni na bunduki hupewa pesa kidogo. Mwenye faida ako mbali, amevaa suti, na huyo harudishwi nyumbani kwa jeneza.)

Tuko na dada hapa kanisani ambaye mume wake alikuwa askari wa wanyama. Amenikubalia niseme, bila jina. Alipouawa tulichanga, tukakodi basi, tukaimba mpaka kaburini. Kufika mwezi wa tatu simu zikaisha. Juzi nilikutana naye stejini, ameshika bahasha ya fomu za fidia, anatoka ofisi moja kwenda nyingine. Akaniambia, "Pasta, watu wanasema nililipwa, kwa hivyo sina shida." Mtoto wake wa Gredi 4 alikataa kwenda na wenzake mbugani kuona wanyama. Mwalimu alidhani ni pesa ya safari imekosekana.

Niliposhuka matatu nilikuwa na aibu. Jina lake lilikuwa kwenye daftari langu, nimeandika "nimpitie."

Usiku nikarudi kwa hii sura, nikasoma mpaka mwisho. Kuna orodha ya mashujaa wa Daudi, jumla 37. Wa mwisho ni nani? Uria Mhiti. Yule Daudi aliyekataa kunywa maji ya damu ndiye alimtuma Uria mstari wa mbele Raba afe, na habari zilipofika akajibu kama mtu anayeambiwa bei ya unga imepanda. Kwa Daudi hesabu hiyo ilikuwa imefungwa. Lakini Mungu alihakikisha jina limebaki kwenye daftari, mstari wa mwisho kabisa, ambapo huwezi kuliruka.

Jumapili hii, baada ya ibada ya pili, nitakuwa kwenye meza ya wageni. Kama nyumbani kwenu kuna mjane wa askari, wa wanyama au wa polisi, au bawabu wa ploti aliyeuawa akiwa kazini, njoo tuandike jina. Kwa dada yetu tunaenda Jumamosi saa nane mchana, tunatoka hapa kanisani. Anayeelewa mambo ya sheria aje, zile fomu bado ziko kwenye bahasha.