Ufagio wa Kapela

Wapenzi wakatekumeni, leo nataka kuwaelezeni swali nililoulizwa na mmoja wenu, na jinsi nilivyolijibu vibaya.

Ilikuwa Jumapili ambayo Padri alifika kijijini kwetu kusoma Misa. Misa ilipokwisha, mzee wa kapela alisimama kutoa shukrani kwa niaba ya wote. Akawashukuru wapiga ngoma, akawashukuru waimbaji, akamshukuru yule aliyeleta mbuzi, na vijana waliompokea Padri penye stesheni na kumbebea mizigo yake. Kwa kila jina watu walipiga makofi. Baadaye, watu walipotawanyika, mama mmoja mjane, mkatekumeni wa mwaka wa pili, alinijia akasema: “Mwalimu, nina swali la dini. Mimi hufagia kapela kila Jumamosi tangu mvua za mwaka juzi. Je, Mungu huhesabu na ufagio?”

Nikamjibu upesi, maana jibu la namna hiyo sisi makatekista tunalo daima mfukoni: “Mama, Mungu anaona yote.”

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema kwa upole: “Najua, Mwalimu. Ulitufundisha mwenyewe. Lakini ikiwa Mungu anaona, mbona ninyi hamwoni?”

Sikuwa na neno la kumjibu. Nilirudi nyumbani, na swali lile likanifuata hata kwenye chakula. Yafaa tulichunguze pamoja, kwa sababu kila mmoja wenu atakapobatizwa atapewa kazi katika Kanisa, na kwa wengi itakuwa kazi ya namna ile ya ufagio.

Tuanze na neno lenyewe. Twasema kazi hii ni ndogo, ile ni kubwa. Ndogo kwa nani? Ninyi mkaao kandokando ya Lualaba, pamoja na ndugu zetu wa maziwa ya Upemba na Kisale, mwakijua kipindupindu. Mwajua jinsi mtu mwenye nguvu, aliyetoka asubuhi kutega nyavu, anavyoweza kuwa maiti kabla ya asubuhi ya pili. Ugonjwa huo huua kwa kumkausha mtu: maji yote ya mwili hutoka kwa kuhara na kutapika, na damu hukosa nguvu ya kutembea. Basi dawa yake ya kwanza ni ipi? Ni maji. Lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi, akinyweshwa mgonjwa kidogo kidogo bila kuchoka, huku watu wakitafuta njia ya kumfikisha upesi kwenye kituo cha afya. Akitapika, mngoje kidogo, kisha umnyweshe tena.

Sasa fikirini mwanamke aliyeketi usiku kucha kando ya mkeka, ana kikombe mkononi. Mtu apitaye njiani akichungulia mlangoni ataona mwanamke ameketi tu. Akiulizwa kesho, “Jirani yako alifanya nini jana usiku?” atajibu, “Hakufanya kitu.” Lakini mwulizeni yule aliyelala mkekani! Kwake yeye kikombe kile kilikuwa kisima, kilikuwa na mganga, kilikuwa na kesho yake yote. Kazi ile, ukiipima kutoka njiani, ni ndogo. Ukiipima kutoka mkekani, hakuna kubwa kuipita. Nami naona ndiyo sababu Bwana wetu Yezu Kristu, alipotaka kutuonyesha tendo lisilokosa thawabu, hakutaja kujenga hekalu wala kuvuka bahari. Alitaja kikombe cha maji baridi. Nchi yake ilikuwa kavu, naye alijua kiu ni nini.

Tazameni pia hukumu ya mwisho kama alivyoieleza Mtakatifu Mateo katika sura ya 25. Mfalme anawaambia watu habari za chakula, maji, nguo, wagonjwa na wafungwa. Wenye haki wanastaajabu. Hawakumbuki! Wanauliza ni lini walimwona ana njaa. Nilisoma maneno hayo miaka mingi bila kuona ajabu yake: wale waliofanya mema hawakuyaandika katika daftari. Walimtazama mwenye njaa, wakampa chakula, wakaendelea na safari yao. Kama wangalikuwa wakimtazama Mfalme nyuma ya maskini, ili wapate kitu kwake, labda hata maskini wasingalimwona vizuri.

Mtu ataniambia: “Mwalimu, hayo ni ya Injili. Katika mambo ya dunia, wadogo hupotea.” Ni kweli, hupotea katika vitabu. Reli iliyotoka Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, ilifika hapa Bukama mwaka 1918. Mwaka 1928 ikaunganika mpaka Port-Francqui, yaani Ilebo ya leo. Vitabu vyataja kampuni na wakuu wake. Waliobeba mataruma mabegani hawakuandikwa. Hata hivyo garimoshi halipiti juu ya majina ya wakuu.

Nawapeni mfano mwingine, wa karibu, ambao unanigusa zaidi. Kule Kamina, Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alikusanya watoto wa shule pamoja na walimu wao wakaimba Misa kwa namna ya kwetu. Ndiyo ile iitwayo Missa Luba. Iliimbwa Kamina mwaka 1958, na mwaka huohuo waimbaji hao walikuwa wakiimba Ulaya. Santuri yake ilisikika katika nchi nyingi, na mpaka leo watu wasiojua Kamina iko upande gani wanaijua Sanctus yake. Jina la Padri laandikwa kila mahali, na ni haki. Lakini Sanctus hiyo imetokana na wimbo wa zamani wa kuagana. Nani aliuimba mara ya kwanza? Labda ni mama aliyemsindikiza mwanawe mpaka mwisho wa shamba. Alikuwa na huzuni yake, akaiimba, akarudi kulima. Hakujua kwamba sauti yake ingefika altareni.

Tena, ng’ambo ya Ziwa Tanganyika, katika misioni ya Karema, aliishi mtu aitwaye Adrien Atiman. Alizaliwa mbali sana, upande wa mto Niger, akaibwa angali mtoto na kuuzwa utumwani, mpaka Mapadre Weupe walipomkomboa. Wakampeleka kusoma uganga katika kisiwa cha Malta, naye akaja Karema kama katekista na mganga. Hapo alikaa zaidi ya miaka 60, mpaka alipofariki mwaka 1956. Ni kweli, alipewa heshima na nishani, na jina lake linakumbukwa. Lakini hesabuni wenyewe: nishani huvaliwa siku ngapi katika maisha ya mtu? Siku zilizobaki zilikuwa za vidonda vya kuosha, homa, watoto wenye kulia, na watu waliogonga mlango usiku. Mtoto aliyekuwa ameuzwa kama mzigo akawa mikono ya kugusa wagonjwa ambao wengine waliogopa kuwagusa. Mimi sidhani aliyajua maisha yake kwa nishani. Aliyajua kwa asubuhi zake.

Hapa ningeweza kufunga makala, na wengi wangesema ni mazuri. Lakini bado sijamjibu yule mama. Yeye hakuniuliza kama kazi yake ina maana. Hilo alilijua kabla yangu. Aliniuliza kwa nini sisi hatuoni.

Lazima niseme wazi. Neno “Mungu anaona” ni la kweli kabisa, na kwa mtu ateswaye peke yake ni faraja kubwa. Lakini sisi tunaotumikiwa tukilitumia, mara nyingi ni mkeka wa kufunikia uvivu wetu. Twamwambia mama afagiaye, “Mungu anaona,” ili sisi tusiinue macho. Twamwambia, “Kazi ndogo ina thawabu kubwa mbinguni,” lakini twamwachia yeye thawabu hiyo yote, wala hatuitamani hata kidogo! Tazameni katika vijiji vyetu ni nani wahubiriwao unyenyekevu. Ni akina mama, ni watoto, ni mgeni asiye na ukoo. Wazee wa kapela, nami nikiwa mmojawapo, hatuhubiriwi sana. Usiku ule wa mwisho Bwana wetu hakumwambia mtumishi wa nyumba awaoshe wageni miguu kisha amsifu kwa unyenyekevu. Alijifunga kitambaa yeye mwenyewe, akainama.

Wengine huogopa kwamba shukrani huharibu wema. Wanakumbuka kwamba Bwana alituagiza mkono wa kushoto usijue afanyalo mkono wa kuume. Sawa, lakini amri hiyo alipewa nani? Alipewa mwenye kutoa. Mwenye kupokea hakuambiwa asahau. Wakoma kumi walipopona, mmoja tu akarudi, Bwana akauliza wako wapi wale tisa. Na siku ile hekaluni, mjane alipotia visarafu viwili katika sanduku, hakupiga kelele wala hakuomba atazamwe. Ni Yezu aliyeketi akitazama. Ni yeye aliyewaita wanafunzi wake waje waone. Matajiri wote wamekwisha kupita na fedha zao, nasi twamkumbuka mjane kwa sababu kulikuwa na mtu mwenye macho. Basi mjane afiche, ndiyo fadhila yake. Sisi nasi tutafute, ndilo deni letu. Tangu lini Mkristu aseme “Mungu anaona” kisha asijaribu kuona kama Mungu?

Haya niliyawaza siku kadhaa. Kisha nikaona aibu kuyawaza tu, na Jumamosi iliyofuata niliondoka alfajiri, umande ungali majanini, nikaenda kapelani na ufagio wa nyumbani kwangu. Nilifungua mlango, nikashangaa. Chini, tangu altareni mpaka benchi ya tatu, kulikuwa na kinyesi cheusi cha popo, tena kingi. Nilitazama juu, nikawaona wamening’inia katika mabuwa ya dari kama matunda meusi. Wapenzi, nimefundisha katekisimu katika kapela ile miaka mingi, wala sikujua kwamba ina popo.

Nilianza kufagia, vumbi likanipanda puani. Nilikuwa nimefika benchi ya pili yule mama aliposimama mlangoni, ufagio mkononi, akanitazama sana. Nikamwambia, “Mama, nisamehe. Sikuona.” Akacheka, akafunga kitambaa chake kichwani vizuri, akaingia.

“Mwalimu,” akasema, “umeanzia chini. Kwanza tunaanza juu, kwenye madirisha, halafu tunanyunyiza maji. Nipe nikuonyeshe.”